Daraja Hufia Miguuni

Hotuba ya msimamizi mstaafu wa kazi za barabara, kwenye baraza la pande mbili za Mto Nzoia

Mulembe! Mulembe kwa wa ukingo huu, mulembe kwa waliovuka kuja.

Chifu, na chifu mwenzake kutoka ng'ambo, wazee wa vijiji, akina mama wa kikundi mliotuazima tenti, vijana wa bodaboda, hamjambo nyote. Na watoto walio juu ya huo mti, shukeni. Mkianguka mtanivunjia mkutano.

Siku daraja hili lilipofunguliwa, hapa palikuwa na tenti saba, viti vilivyofunikwa vitambaa, na spika zilizosikika hadi sokoni. Nilihesabu hotuba kumi na moja. Mimi sikupewa nafasi, na wala sikulalamika, maana nyama ilikuwa nyingi. Leo tenti ni moja, spika hakuna, na kila mtu amekuja kwa miguu yake bila kubebwa na lori la mheshimiwa. Nafikiri leo ndiyo tutazungumza.

Kwa wasionijua: nilifanya kazi ya barabara miaka 31. Nilianza kibarua wa kubeba kokoto nikastaafu nikiwa msimamizi wa gengi, yaani kikosi cha vibarua. Shahada sina. Wahandisi walikuwa wanakuja na ramani, wanashika kiuno, wanaangalia, wanarudi mjini. Sisi tunabaki na mto. Kwa hiyo nitakayoyasema leo mengine nimeyasikia kwao, lakini mengi nimeyaona nikiwa ndani ya maji hadi kifuani.

Nianze na ng'ombe.

Wazee mnakumbuka kabla ya daraja tulivyokuwa tunavuka. Kamba ilifungwa kwenye mkuyu huu, ikafungwa kule kwenye mti uliokwisha kuanguka, na mwenye mtumbwi akawa anaivuta kwa mikono huku mtumbwi ukienda upande. Mama mjamzito alivuka hivyo. Maiti ilivuka hivyo, na mto ukifurika maiti ilisubiri mochari huku gharama zikipanda kila siku. Mwanafunzi wa mtihani alivuka hivyo na karatasi zake kichwani.

Mimi nilioa ng'ambo, kwa Wabukusu. Siku ya kupeleka mahari, baba na baba zangu wadogo waliteremsha ng'ombe hapa. Ng'ombe hapandi mtumbwi, huogeleshwa, vijana wanaogelea kando yake wakimshika pembe. Jua lilikuwa linawaka na hapa hapakuwa na wingu hata moja. Kumbe usiku kucha ilikuwa imenyesha Kitale na kule juu Cherang'ani. Mto huu unakusanya maji ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 12,000, yakiwemo ya miteremko ya Mlima Elgon, kwa hiyo haukuulizi kama kwenu kumenyesha. Maji yalikuja yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wa nne, jike jekundu lenye mimba, akachukuliwa. Tuliona pembe, kisha hatukuziona.

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Wakwe zangu walisema ng'ombe hajakanyaga kwao, kwa hiyo hajafika, aletwe mwingine. Wazee wetu wakajibu kwamba alishatoka zizini mwetu, wenyewe mlikuwa mmesimama mkimtazama, basi mmempokea. Miezi mitatu! Mimi sina mke, na wazee wanakunywa busaa wakijadili. Mwishowe mzee mmoja wa upande wao, mfupi, aliyekuwa haongei sana, akauliza: alipozama alikuwa karibu na ukingo upi? Kila mtu akanyosha kidole kwa jirani yake. Akasema basi huyo amefia katikati, na kilichofia katikati ni hasara ya nyumba zote mbili. Nyinyi leteni ndama, na sisi tutasamehe kilichobaki. Kesi ikaisha siku hiyohiyo.

Mke wangu amekaa pale, mwenye leso ya bluu. Anatikisa kichwa kwa sababu kila nikisimulia anasema ng'ombe alikuwa mweusi.

Sasa nimewaletea kesi nyingine ya kitu kilicho katikati. Daraja letu lina nguzo moja tu inayosimama ndani ya maji, na nguzo hiyo iko katikati kabisa ya mto, pale mpaka wa Kaunti ya Kakamega na Kaunti ya Bungoma unapopita. Ubavu wake mmoja uko Kakamega na mwingine uko Bungoma. Nguzo hiyo inaumwa.

Mwezi uliopita, maji yalipoanza kushuka, nilikuja asubuhi kabla ya bodaboda kuamka. Niliinama mwisho wa vyuma vya pembeni nikafumba jicho moja, kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Chuma kinatakiwa kunyooka. Chetu kinabonyea kidogo pale katikati, kama kamba ya kuanikia nguo. Ni kidogo sana, ukipita na pikipiki hulioni. Basi nikamwomba mvuvi mmoja anipeleke na mtumbwi hadi kwenye nguzo, nikiwa na chuma cha mita 3. Upande wa chini, maji yanakoelekea, chuma kiligonga, kikakataa. Upande wa juu, maji yanakoingilia, kilizama chote kama kijiko kwenye uji, na mkono wangu ukalowa hadi begani.

Nieleze maana yake, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea.

Sisi tukitaka kujua kama daraja ni zima huangalia juu. Tunaangalia sakafu kama ina mashimo na vyuma kama vimepakwa rangi. Lakini daraja la mtoni mara nyingi hufia miguuni. Maji yakija kwa kasi yakaigonga nguzo, hayapiti tu pembeni. Mengine hushuka chini kwa kuifuata nguzo, yakifika sakafu ya mto yanajisokota na kuizunguka kama mtu anayekoroga ugali, na huko yanachimba. Mto ukiwa mtulivu huchimba polepole au hauchimbi kabisa. Ukifurika, usiku mmoja unaweza kutoa mchanga ambao gengi langu zima lingeumaliza kwa mwezi.

Na ujanja wake ndio huu. Mafuriko yakipungua, mto huo huo unarudisha tope na mchanga kulijaza lile shimo. Wewe ukija wiki ijayo, maji yameshuka, unaona chini pametandazika vizuri kama kitanda. Unasema ah, nguzo iko sawa. Kumbe umetandikiwa shuka juu ya shimo. Ule mchanga mpya haujashikana, haubebi kitu, na mafuriko yajayo yataufagia kwanza kabla ya kuendelea kuchimba pale yalipoachia. Ndiyo maana nilikwenda na chuma. Macho hayatoshi.

Msifikiri ni jambo la nchi maskini. Mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu. Kule Marekani, jimbo la New York, tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu juu ya mto uitwao Schoharie lilianguka baada ya mafuriko kuchimba chini ya nguzo, watu 10 wakafa. Lilikuwa daraja la zege na chuma, la barabara ya kulipia, wenyewe wakiwa na wahandisi kila kona. Na kule Ureno, usiku wa tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro juu ya Mto Douro liliangusha nguzo, likaondoka na basi na magari madogo 3. Watu 59. Hakuna aliyepona. Waziri wao aliyehusika na barabara alijiuzulu.

Hilo la Ureno nimelileta makusudi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa wakichimba mchanga katika mto ule, sakafu ya mto ikashuka, na miguu ya daraja ikabaki wazi.

Naona vijana wa mchanga mmeanza kuangalia chini. Tulieni, sikuja kuwafukuza. Najua lori moja la mchanga linalipa karo ya nani hapa, na nyumba yangu mwenyewe ilijengwa kwa mchanga wa mto huu. Lakini kuna mahali pa kuchota na mahali pa kuacha. Shimo mnalochimba leo mita chache kutoka kwa daraja halikai hapo mlipolichimba. Mto unataka kulijaza, na mchanga wa kulijaza unautoa jirani, na jirani ni mguu wa nguzo. Nendeni chini kule kwenye kona, mbali, mahali mto unapojimwagia mchanga wenyewe kila mwaka. Ni mwendo mrefu kwa punda, najua. Daraja likienda, lori halitafika kuuchukua huo mchanga kabisa, na mwendo utakuwa mrefu zaidi.

Na kuna hili la waya. Nilisema nitalisema, hata kama kuna mtu atakasirika. Wakati wa kujenga, ukingo wa upande wa Kakamega uliwekewa gabioni, vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Kazi yake ni kuzuia maji yasile udongo nyuma ya ukuta wa daraja. Leo mawe yapo, yametawanyika, waya hazipo. Nimetembea vijiji viwili na nimeona mabanda ya kuku mazuri sana. Mazuri, yenye matundu ya pembe sita. Sitataja mtu. Kuku wenyewe wanajijua.

Vyuma vya pembeni navyo vimekatwa mahali pawili. Hiyo ni kazi ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa, ikairuhusu tena mwezi wa Mei mwaka huohuo kwa masharti. Kipande cha chuma cha daraja ukikiuza kwa kilo hupati hata pesa ya mafuta ya wiki. Mtoto akitumbukia pale penye pengo, hesabu hiyo nani ataifanya?

Sasa mtaniuliza, mzee, umeyaona yote haya, umewaambia wenye daraja?

Nilikwenda. Nilianza na ofisi moja upande huu. Kijana mstaarabu kabisa, alinipa kiti na chai, akaniambia daraja hilo ni la upande wa pili. Nikavuka. Upande wa pili hawakuwa na chai, lakini jibu lilikuwa lilelile. Ofisi ya tatu ikasema si la kaunti yoyote, ni la taifa, niandike barua. Nimeandika. Nakala ninazo, na machifu wote wawili wanazo, na zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu bado.

Siwasemi kwa ubaya. Mambo yenyewe yamechanganyika. Sheria ya Barabara ya 2007 iligawa barabara kwa mamlaka tatu za serikali: KeNHA ikapewa barabara kuu, KURA za mijini, KeRRA za mashambani. Halafu Katiba ya 2010 ikaja ikasema barabara za kaunti ni za kaunti. Daraja lililo katikati ya shamba, katikati ya maji, katikati ya kaunti mbili, linakuwa kama yule ng'ombe. Kila mtu ananyosha kidole.

Lakini pesa ya matengenezo tunalipa. Kijana wa bodaboda, kila lita ya petroli unayoweka, shilingi 25 zinakwenda kwenye ushuru wa matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18 hadi katikati ya 2024, zikapanda. Kwa hiyo ukienda ofisini kuuliza habari za daraja, usiingie umekunja kofia mkononi kama mtu anayeomba msaada. Umekwenda kuuliza pesa yako iko wapi. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kuna wanaosema mzee anatutisha, madaraja hayaanguki hivihivi. Ndugu zangu, mto ni huuhuu. Ufuateni hadi Bunyala, karibu unaingia ziwani, mtakuta Sigiri. Pale watu walivuka kwa mashua miaka na miaka kati ya Bunyala Kaskazini na Bunyala Kusini, na 2014 mashua ikazama na watu wakafa. Ndipo daraja likaanza kujengwa, la zaidi ya shilingi bilioni moja. Tarehe 26 Juni 2017, siku chache tu baada ya Rais kulikagua, likakatika katikati likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi wakaumia. Nchi nzima ilicheka na kulia. Lile halikufa kwa miguu kuliwa na maji, lilikuwa na ugonjwa wake, na baadaye lilikamilishwa. Ninalotaka mlione ni kwamba Sigiri lilianguka mchana, kamera zikaja, maswali yakaulizwa. Letu likienda litakwenda usiku wa mafuriko, na wa kwanza kujua atakuwa mtu wa pikipiki anayewahi sokoni saa kumi na moja alfajiri, taa yake ikimulika hewa tupu.

Kwa hiyo tufanye nini wakati barua inasubiri jibu? Kuimarisha nguzo hatuwezi. Kunahitaji mawe makubwa ya kushusha kwa mashine, na mhandisi wa kusema mangapi na wapi. Mtu akiwaambia tuchange tununue simiti tumwage pale, mkatazeni. Simiti ikimwagwa vibaya inaongeza unene wa nguzo, maji yanapata kitu kikubwa zaidi cha kugonga, na yanachimba zaidi. Nimeyaona hayo mahali, kwa nia njema kabisa.

Tunachoweza ni kupima. Kupima hakuhitaji mhandisi.

Hapa nina kamba. Nimefunga jiwe mwisho wake na fundo kila nusu mita. Nimechora alama tano za rangi nyeupe kwenye chuma cha pembeni, upande maji yanakoingilia: moja juu ya nguzo yenyewe, mbili huku na mbili kule. Unasimama kwenye alama, unashusha jiwe hadi liguse chini, unahesabu mafundo, unaandika kwenye daftari hili pamoja na tarehe. Alama zilezile, kamba ileile, kila mwezi, na kila baada ya mafuriko bila kukosa. Kipimo kimoja hakina maana yoyote. Vipimo vya mwaka mmoja vinaongea. Fundo likiongezeka pale kwenye nguzo peke yake na kwingine pakabaki vilevile, mto unakula mguu. Mkitaka kujua shimo lililojificha chini ya mchanga mpya, ndipo mnakwenda na mtumbwi na kile chuma, kiangazi, si vinginevyo.

Na kila mvua kubwa ikipita, kuna magogo, migomba na takataka za miwa zinazonasa pale kwenye nguzo. Watu wanasema waache, mto utazibeba wenyewe. Zikinasa, nguzo ya mita moja inakuwa kama ukuta wa mita sita. Ziondolewe maji yakishapungua, na watu wazima, wakiwa wamefungwa kamba kiunoni. Sitaki kusikia mtoto wa shule ametumwa.

Daftari nilitaka liwe moja. Mke wangu ndiye alikataa. Alisema daftari moja litakaa upande mmoja, na upande wa pili utasema limeandikwa uongo. Nimenunua mawili. Apime kijana mmoja wa huku na mmoja wa kule, wote wawili wasimame kwenye alama moja, kila mmoja aandike lake, kisha walinganishe hapohapo kabla ya kuondoka. Tukienda ofisini na madaftari mawili kutoka kaunti mbili yanayosema namba moja, sijui ni nani atatuambia twende upande wa pili.

Waya za gabioni, mwenye nazo azirudishe usiku, aziweke hapa chini ya mkuyu. Hatutakesha kuangalia ni nani.

Mto leo umeshuka, na mvua za Kitale hazijaanza tena. Nataka kipimo cha kwanza kiandikwe sasa hivi kabla hatujala. Nani anakuja upande wa Bungoma? Wewe mwenye jaketi jekundu, unajua kuandika vizuri? Haya, shika daftari. Na huku? Binti, njoo. Mwanamke anaweza kuhesabu mafundo, usiwasikilize hao. Wengine mtufuate, lakini msijazane wote katikati ya daraja.